Siku Miguu Ilipoacha Kuuma

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi umeme mmoja, mtu wa makamo, mgonjwa wa kisukari. Kwa miaka miwili nyayo zake zilimwaka moto, hata kuvaa viatu ilikuwa kwa kusaga meno. Kisha taratibu ule moto ukapoa, na mwezi mmoja ukazimika kabisa. Akasimama kanisani akatoa shukrani, watu wakampigia makofi. Kliniki akaacha kwenda. Angeenda kufanya nini?

Siku moja mkewe alikuwa anasafisha viatu vyake vya kazi. Akakuta skrubu imetoboa soli, ncha imetokeza ndani, na soksi imegandiwa na damu.

"Baba Atuganile, umetembea na hii tangu lini?"

"Na ipi?" akauliza mumewe.

Akaenda kliniki pamoja na mkewe, lakini kumridhisha tu. Muuguzi alimsafisha kidonda huku akimweleza habari za mishipa ya fahamu. Fundi aliposikia kwamba ndani yake mnapita umeme, akasogeza kiti.

"Umeme huo unatoka wapi?"

"Kwenye chumvi, mzee wangu. Chembe ya fahamu ina uzi mwembamba sana. Kuna unaotoka kidole gumba cha mguu mpaka uti wa mgongo, karibu mita nzima, na hiyo ni chembe moja tu. Ukikanyaga kitu, vijilango vya kwenye uzi vinafunguka, chumvi inaingia, umeme unazuka. Umeme huo unafungua vijilango vya mbele yake, navyo vinafungua vya mbele yake, hivyo hivyo mpaka juu."

"Na huko juu unaungwaje na uzi mwingine?"

"Hauungwi. Kuna mwanya katikati, mdogo hata jicho halioni. Uzi wa kwanza unamwaga kemikali kidogo, ile kemikali inavuka, uzi wa pili unaamka."

Fundi akacheka. "Mimi waya zisipogusana, mteja ananipigia simu."

"Zako zina mwanya huo tangu uzaliwe, na habari zilikuwa zinafika."

Akatikisa kichwa. Miaka thelathini anafunga umeme kwenye nyumba za watu, na hakuwa na habari na huu. Alikuwa bado na maswali, lakini muuguzi alishachukua kijiuzi cha plastiki.

"Fumba macho. Nikikugusa wayo, sema."

Akafumba. Akangoja. Akaendelea kungoja, mwisho akasema kwa upole, "Anza basi, nesi."

"Nimemaliza, mzee wangu. Nimekugusa mara kumi."

Akafumbua macho. Mkewe alikuwa anamtazama, analia.

"Hukupona," muuguzi akamwambia. "Sukari imeziua zile nyuzi. Maumivu yalikoma kwa sababu hapakuwa tena na wa kuyapeleka."

Walimkata vidole viwili, mguu ukasalimika. Mpaka leo kila asubuhi anakagua nyayo zake kwa kioo.

Sasa tuje kwetu sisi. Unakumbuka uongo wako wa kwanza kwa mkeo? Ulikuchoma wiki nzima, chakula hakikupita. Wa juzi je? Ulikula vizuri, ukaomba sahani ya pili. Nasi tuna jina zuri kwa hali hiyo, tunaiita amani. Mama yule anayeomba msaada pale mlangoni tulipoingia, mwaka wa kwanza alituuma moyo. Leo ni nani kati yetu anaweza kuniambia amevaa nguo gani? Mimi mwenyewe nimempita. Siwezi.

Ndugu zangu, kutoumia si kupona. Yawezekana tumekufa ganzi, na kidonda kinaendelea kuoza ndani ya kiatu kilichopigwa rangi.

Basi leo sitawaombea mpumzike. Simameni, tumwombe Mungu jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kumwomba: Bwana, tuumize tena.