Bahari ya Mama Wakonyo

Waliotuachia methali ya nahodha wengi walikuwa watu wa pwani. Walijua kwamba usukani ukishikwa na kila anayejiona mjuzi, chombo hakishiki njia. Huyumba tu hadi abiria wakachoka. Lakini ukitaka kuiona methali hiyo ikitembea kwa miguu yake, usihangaike kwenda pwani. Njoo Othaya, kwenye vilima vya majani chai, nyumbani kwa Mwalimu Gathoni.

Gathoni aliishi na mamake, Wakonyo, mjane aliyezeeka akichuma chai. Presha ya macho ilikuwa imemla mama huyo jicho moja. Daktari alisema wazi kwamba la pili lingefuata, na kwamba kinachopotea hakirudi. Mama hakulia. Alisema tu, "Gathoni, mimi sijawahi kuona bahari. Nipeleke nikiwa bado na hili moja. Mimi na wewe tunatosha."

Basi Gathoni akaenda Nyeri mjini kwa Junaid, mwenye magari ya kukodi. Junaid alikuwa ameoa Kilifi, na njia ya huko aliijua kama kiganja cha mkono wake.

"Mwalimu, chukua hili dogo," alishauri. "Mlale Mtito Andei, kesho yake muingie Mombasa, kisha mshike barabara ya Malindi polepole. Mama akae nyuma, upande wa kulia. Mkivuka daraja la Kilifi, maji atayaona hadi achoke."

Wakakubaliana mwezi wa nne, shule zikifungwa.

Hapo ndipo Gathoni alipojitia kitanzi. Kwao mzazi ni wa wote, na mtoto akimsafirisha peke yake huambiwa amemteka. Akawaita ndugu zake. Kikao kikafunguliwa kwa maombi, chai ikamiminwa, na kabla vikombe havijapoa safari ilikuwa na kamati. Kaka mkubwa, Ndungu, akawa mwenyekiti.

"Gari ndogo ni aibu," alisema Ndungu. "Watu watasema tumembeba Mami kama gunia ya viazi. Tuchukue van."

"Na tukienda na van, si watoto pia wakuje?" aliuliza dada yao Sophie, mfanyabiashara wa Karatina. "Lakini tungoje Agosti. Mwezi wa nne niko na mzigo sokoni."

Agosti ilipofika, Kinuthia, kitinda mimba, alikuwa na wageni wa kupanda mlima kule Naro Moru. Isitoshe, alitaka wapitie Amboseli, ati Mami aone ndovu. Ndungu akamjibu kwamba ndovu wako hata Nyeri. Wakanuniana kwenye kundi lao la simu, na safari ikasukumwa hadi Desemba.

Gathoni alikuwa amechoka. Mtu aliyesimama darasani kutwa nzima hana nguvu za kuamua ugomvi wa watu wazima. Alisoma ujumbe wao, akamtilia mama matone ya dawa, akaandika "Sawa". Kila walipobadilisha mpango aliandika "Sawa", na kila sawa ilimlemea kuliko ile iliyotangulia.

"Mwalimu, gari niweke ama nitoe?" Junaid alimpigia simu kwa sauti ya mtu aliyechoka pia. "Na mama anaendeleaje?"

Gathoni alimjibu kwamba hajambo. Hakuweza kumwambia kwamba asubuhi hiyo mama alikuwa amelisalimia koti lililotundikwa mlangoni.

Desemba waliondoka, van imejaa pomoni. Walizozana njia nzima, mara kuhusu madirisha, mara kuhusu mahali pa kula. Karibu na Kilifi Gathoni alimwondoa Ndungu kwenye kiti cha kulia, akamkalisha mama. Daraja likaja, likapita, na mama akauliza kama bado ni mbali. Mbele kidogo wakasimama ufukweni, wakamshusha, wakamvua viatu.

"Ni ya rangi gani?" aliuliza.

"Bluu, Mami," alisema Ndungu.

"Bluu wapi? Hiyo ni kijani," alisema Sophie.

"Kule mbali ni nyeusi kabisa," alisema Kinuthia, na ubishi ukaanza upya.

"Nyamazeni," mama alisema taratibu. "Wacheni hata niisikie."

Wakanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu kile kikao cha chai. Hapo Gathoni akatambua kwamba mama alikuwa amewaelekea wao, kwa sababu ya kelele zao, na bahari ilikuwa mgongoni mwake. Akamshika mabega, akamgeuza. Machozi yalimtoka Gathoni, akayaacha yatoke.

Mama aliupapasa mkono wa bintiye, akaushika.

"Si nilikwambia tunatosha," alisema.

Bahari ilikuwa pale pale tangu mwezi wa nne. Jicho la mama ndilo halikungoja kamati. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.