Kupe wa Mzee Ngiri na Breki za Pikapu

– Hadithi, jamani!
– Ilete!
– Niilete kwa miguu au kwa gari?
– Kwa gari!
– Na likizimika njiani?
– Tutasukuma!
– Basi pandeni. Walio nyuma washike vyuma.

Hapo kale, siku zile magari yalipoanza kufika porini, palikuwa na Mzee Ngiri. Mnamjua Ngiri: meno yametoka nje ya mdomo, kifua kama pipa, na tumbo lisilokataa kitu. Alikuwa na nguvu za kung'oa kisiki, lakini kutoa senti mfukoni kulimtoa jasho. Alikula mihogo yake, akala na ya jirani, kisha akalalamika kwamba maisha yamepanda.

Mzee huyu alimlea Nguchiro tangu akiwa kichanga. Nguchiro ni yule mdogo mwenye mkia mrefu na macho yasiyotulia. Alimwita Ngiri Baba, akamwita Mama Ngiri Mama. Kila jioni, ndiyo desturi ya nyumba ile, Ngiri alijilaza ubavu mlangoni, Nguchiro akampanda, akamchambua kupe. Pu, kamtoa. Pu, kamtafuna. Shingoni, kwapani, nyuma ya masikio. Ngiri akasinzia, khoro, khoro, khoro.

Siku moja Ngiri akanunua pikapu, Nguchiro akawa dereva. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Baadaye, kila akikanyaga breki, lililia kwaruu, kwaruu. Akikanyaga leo, linasimama hapa. Akikanyaga kesho, linasimama kule.

Akalipeleka kwa fundi Kakakuona. Fundi akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi kwenye magamba.

"Breki zimelika, kijana. Chuma kinasaga chuma. Leo zinashika bado. Mkichelewa hazitashika."

Na harusi ya mdogo wake Mama Ngiri ilikuwa inakaribia. Harusi yenyewe ni bondeni, na kufika bondeni lazima ushuke mteremko wa Mawe Mekundu. Mteremko ule, mkono huu ni mwamba, mkono huu ni hewa tupu. Mama Ngiri na watoto wote wangekaa nyuma ya pikapu. Nguchiro alipowafikiria wale wadogo zake wamekaa nyuma wanaimba, aliogopa. Wala hakuona haya kuogopa.

Akamwendea mzee.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Breki, Baba. Fundi anasema zibadilishwe."

"Gari linatembea?"

"Linatembea."

"Basi haliumwi. Likiumwa, uje uniambie."

Mama Ngiri naye akajaribu.

"Baba Watoto, mimi nitapanda na wanangu humo."

"Gari linatembea?"

"Linatembea."

"Basi haliumwi. Likiumwa, uje uniambie."

Nguchiro akaenda akakaa juu ya kichuguu. Akafikiri. Akajikuna. Alipojikuna, akacheka peke yake, kwa sababu hapo hapo alijua kwamba mzee amekwisha.

Jioni ikafika. Ngiri akajilaza ubavu mlangoni.

"Mwanangu, njoo unichambue."

"Baba, unatembea?"

"Natembea."

"Basi huumwi. Ukiumwa, uniambie."

Ngiri akafungua jicho moja.

"Nimejifunza kwako, Baba," Nguchiro akasema kwa adabu zote. "Kupe wa leo ni wadogo. Nikiwatoa sasa nitachoka bure. Wacha wanenepe, nije niwatoe kwa mkupuo."

Ngiri akafurahi sana. "Mama Watoto, umemsikia huyu? Kijana amekua. Ameshajua kubana matumizi."

Mama Ngiri akatazama pembeni, asionekane anacheka.

Jioni ya pili, Ngiri alikuwa akijisugua kwenye mti. Kwacha, kwacha, kwacha.

"Mwanangu, njoo unichambue."

"Baba, unatembea?"

"Natembea, lakini..."

"Basi huumwi."

Ngiri akagaagaa kwenye tope. Tope likakauka, kupe wakabaki. Akajisugua kwenye jiwe. Jiwe likang'aa, kupe wakabaki. Nguvu zote zile, lakini hana mkono wa kufika nyuma ya sikio. Akaona sasa afanye ujanja wake.

"Sawa, Nguchiro. Lipeleke gari kwa fundi. Lakini atengeneze upande wa kulia tu. Wa kushoto bado."

"Ahsante, Baba. Lala nikuchambue."

Akampanda. Pu, pu, pu. Upande wa kulia ukabaki safi kabisa. Nguchiro akashuka, akafuta mdomo.

"Na kushoto?" Ngiri akauliza.

"Kushoto bado, Baba."

Kulipokucha, kupe wa kushoto wakaona kulia kuna nafasi, wakahamia na jamaa zao. Na siku hiyo ndiyo wakwe walikuja kupanga mambo ya harusi. Ngiri, mkuu wa familia, akakaa mbele kuwapokea. Akaanza vizuri, karibuni, karibuni, habari za huko. Katikati ya salamu akajitupa chini, miguu juu, akajisugua mgongo mbele ya wageni. Kwacha, kwacha, kwacha. Wakwe wakatazamana.

Mama Ngiri akasema polepole, "Baba Watoto, lipa."

Ngiri akatoa pesa akiwa amefumba macho, kama anayeng'olewa jino. Kakakuona akabadilisha breki, kulia na kushoto. Nguchiro akamchambua mzee, kushoto na kulia.

Siku ya harusi wakaanza kushuka Mawe Mekundu. Ngiri mbele, Mama na watoto nyuma, wimbo juu. Wakakata kona. Katikati ya njia, huyo Mama Kobe na mzigo wake kichwani, anakimbia kwa namna yake ya kukimbia.

Nguchiro akakanyaga. Kwi.

Gari likasimama. Vumbi lao likawapita, likatangulia harusini. Mama Kobe akageuza shingo, akasema, "Habari za asubuhi, Mzee Ngiri," akaendelea na safari. Kule nyuma watoto wakaendelea na wimbo pale walipoishia.

 Nguchiro akamtazama baba yake, akangoja neno.

Ngiri akasafisha koo.

"Unaona? Nilikwambia gari hili haliumwi. Pesa yangu imekwenda bure."

 Nguchiro akaingiza gia, wakashuka, wakala pilau, wakacheza. Jioni Ngiri akajilaza ubavu, tumbo limejaa.

"Mwanangu, njoo unichambue."

Nguchiro akampanda. Akamkamata kupe mnono nyuma ya sikio, akamshika tu, hakumtoa.

"Baba, kuna na oili ya injini."

 Ngiri akapumua, fuuu.

"Kesho," akasema, "mpelekee Kakakuona."

Pu.

Hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba gari zima lisipelekwe kwa fundi, maana mmejionea wenyewe, lilisimama vizuri kabisa. Pili, mtoto mwema habishani na mzazi wake. Na tatu, kupe ni watu wazima wenye busara, waheshimiwe.

– Hadithi yangu nimeiegesha hapa. Nani anaichukua?
– Sisi!
– Ichukueni. Lakini kanyageni breki kwanza.
– Kwi!