Kiti Kilichotazama Nyuma

Wako watu wanaodhani kwamba anayemwinamia mwenzake amejifunga minyororo, na kwamba mtu huru ni yule asiyejali haya ya mwingine. Wahenga hawakuona hivyo. Waliposema kuwa heshima si utumwa, walimaanisha kwamba anayempa mtu heshima yake hapungukiwi na chochote, na huenda akawa anajiwekea akiba asiyoijua. Yaliyompata Meitamei, mwendeshaji bodaboda wa Kitengela, yanatosha kuwa ushahidi.

Meitamei alikuwa mwanamume mtulivu, mwembamba kama ufito. Mkewe aliitwa Seleyian. Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Mama Koinet kwa jina la kifunguamimba wake, aliishi bomani ng'ambo ya reli, mwendo mrefu kutoka barabara ya lami iendayo Kajiado mjini. Katika ukoo ule, mkwe hakumgusa mama mkwe wake, hakumkazia macho, wala hakuingia alimolala. Mama naye hakumtaja mkwewe kwa jina. Miaka yote ya ndoa wawili hao walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama ardhi, na hakuna aliyeona kuwa amenyimwa kitu.

Kiangazi kimoja Mama Koinet aliteleza penye bwawa la kunyweshea mifugo, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya Kajiado mjini, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya kuondoka, muuguzi wa mazoezi ya viungo, mwanamke aliyeitwa Mbeke, alimvuta Seleyian kando.

"Mama aletwe hapa kila wiki bila kukosa," alisema. "Huo mguu ukikauka vile ulivyo, haurudi tena. Atakuwa mtu wa kubebwa mpaka mwisho wake."

Njia ya kutoka bomani ilikuwa mawe na makorongo matupu. Gari dogo halikuthubutu kupita huko. Ilikuwa ni pikipiki au kukaa. Koinet, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kitengela, alimtafutia mamake mwendeshaji wa karibu. Huyo alikuwa mtu wa pupa. Njiani aliongeza abiria wa pili, akambana mgonjwa katikati kama nyama ya mshikaki, kifua chake kikiwa kimegandamana na mgongo wa kijana wa umri wa wajukuu wake. Kila jiwe walilopita lilimfika mfupani. Alirudi nyumbani akilia, na Seleyian alipomuuliza anaumia wapi, mama hakutaja nyonga.

"Nimefanywa gunia," alisema. "Siendi tena."

Wiki zikapita. Mguu ukaanza kukaza. Ndipo Koinet alipompigia simu shemeji yake.

"Wewe uko na pikipiki. Mbebe mama."

"Nitambebaje, Koinet? Atanishika kiuno?"

"Si ashike! Kiuno ni nini? Hiyo mambo ni ya zamani. Mmejifanya watumwa wa mila, na mama anaisha tukiona."

Maneno yale yalimchoma Meitamei kama mwiba wa mgunga, hasa kwa kuwa sehemu yake ilikuwa kweli. Akimlazimisha mama, ataokoa mguu na kumvunja mwenye mguu. Akimwacha, atamtazama akigeuka kuwa mtu wa mkekani.

Khisa, mwenzake wa steji ya bodaboda, mwenyeji wa Bungoma, alimkuta ameketi kando ya pikipiki iliyozimwa huku abiria wakimpita. Alipoelezwa kisa, hakucheka.

"Hata kwetu mama mkwe haguswi," alisema. "Lakini niulize, ndugu yangu. Umewahi kubebwa nyuma ya pikipiki yako mwenyewe?"

"Mimi? Nani anibebe?"

"Basi panda leo. Hujui kile unapea watu."

Khisa akashika usukani, wakaingia barabara mbovu nyuma ya viwanja. Kwa mara ya kwanza Meitamei alionja kazi yake kwa upande wa pili. Kila shimo lilipanda uti wa mgongo hadi kwenye meno. Miguu ilining'inia bila pa kutulia, na mikono haikuwa na pa kushika ila kwenye mwili wa mtu. Aliposhuka alikuwa ameshika kiuno, na haya ilimjaa alipowakumbuka wajawazito na wazee aliokuwa amewarusha juu ya mashimo yale yale huku akiwahimiza wavumilie.

Alisimama akiitazama pikipiki kwa kitambo. "Na mama akikaa akinipa mgongo?" aliuliza.

Walikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kikaundwa kiti kipana chenye sponji nene, kinachotazama nyuma, chenye egemeo refu la mbao kati ya abiria na mwendeshaji. Kiliwekwa mikono miwili ya kushika, mkanda wa kujifunga, na ubao wa kunyooshea mguu mgonjwa. Springi za nyuma zilibadilishwa, zikawekwa laini. Meitamei alikalia kiti hicho mara nyingi huku Khisa akiendesha. Kila alipohisi mgongo umegongwa, walirudi kwa fundi.

Pale steji alifanywa kichekesho. "Kiti cha malkia!" walimpigia kelele. "Abiria anatazama nyuma kama mbuzi wa sokoni!" Mmoja akamwita mtumwa wa mama mkwe, na jina hilo likamganda kama kupe. Meitamei alitia pamba masikioni, akashika njia ya Kajiado.

Alipofika bomani aliegesha pikipiki mbali na nyumba, akaenda kusimama penye ua akiupa uwanja mgongo. Mama Koinet alitoka akimwegemea Seleyian. Alikitazama kiti. Alipapasa mbao za egemeo kwa kiganja.

"Ni nani ametengeneza hiki?" aliuliza kwa Kimaasai.

"Ni mume wangu, Yeyo," Seleyian alijibu, akimwita mama kwa lugha yao.

"Mwambie nimeona," akasema, kisha akaomba asaidiwe kupanda.

Tangu siku hiyo hakukosa hospitali. Meitamei aliendesha polepole, macho yakichagua kila jiwe la kukwepa, naye mama aliketi nyuma ametulia, akiitazama nchi ikirudi nyuma. Hawakusemezana. Mguu ulianza kulegea, na kabla mvua za vuli hazijanyesha, Mama Koinet alikuwa akitembea uwanjani kwa mkongojo.

Asubuhi moja walikuwa wakishuka mteremko wa lami kabla ya kuingia Kajiado mjini. Upepo ulivuma kwa nguvu ukijaza masikio ya Meitamei ndani ya kofia yake. Macho yake yalikuwa kwenye viraka vya barabara mbele, asimrushe mgonjwa. Hakuona lori la kokoto lililokuwa likija nyuma yao, breki zimekatika, likiyumba kama mlevi, bila hata kupiga honi.

Aliyeliona ni aliyekuwa ameketi akilitazama.

"Meitamei!" sauti ilipasua upepo. "Toka barabarani! Meitamei!"

Lilikuwa jina lake, katika kinywa ambacho hakikuwahi kulitamka. Hakuuliza kwa nini. Alikata kona, pikipiki ikaruka ukingo wa lami na kuzama kwenye nyasi kavu. Papo hapo lori likapita pale walipokuwa, likagonga nguzo, likabingirika bondeni kwa kishindo kilichotikisa ardhi.

Vumbi likatanda. Meitamei aliruka chini, akazunguka nyuma mbio, kisha akasimama hatua moja kabla ya kumfikia. Mkanda ulikuwa umemshikilia mama kitini. Meitamei akainamisha macho.

"Umeumia, Yeyo?"

"Sijaumia." Mama naye aliinamisha macho. "Nimekuita jina lako."

"Nimelisikia."

"Ningenyamaza, leo Seleyian angezika watu wawili."

Machozi yalimtiririka Meitamei bila yeye kuyafuta. Kule bondeni watu walimtoa dereva akiwa hai bado, lakini alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Waliokuwa pale walivua kofia.

Habari zilipomfikia Koinet, alikuja mbio kutoka Kitengela. Alilitazama lori lililopondeka, akaitazama pikipiki. Alikizunguka kile kiti kimya, kama mtu anayezunguka kaburi.

"Mama angekaa vile nilitaka, akutazame wewe mgongoni," alimwambia shemeji yake hatimaye, "nani angeona lori?"

Meitamei alikung'uta vumbi kwenye egemeo la kiti.

"Nilikuita mtumwa," Koinet akasema kwa sauti ya chini. "Nisamehe, shemeji."

Alitaka kumchukua mamake amalizie safari kwa gari lake. Mama Koinet alikataa. Alichukua mkongojo wake, akapiga hatua kwenye nyasi hadi penye pikipiki, akapanda na kujifunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Meitamei alingoja akiwa amegeuka upande mwingine mpaka aliposikia chuma cha mkanda kikibana. Kisha akawasha pikipiki, wakaondoka mgongo kwa mgongo kuelekea hospitalini, wote wawili wakiwa hai, na hakuna mtu barabarani siku hiyo aliyekuwa tayari kubisha kwamba heshima si utumwa.