Nguchiro Asiyepiga Hodi

Paukwa! Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa! Haya, sasa ndiyo pakawa.

Hapo kale, kale sana, siafu walivamia nchi ya Mfalme Nyati. Nguchiro, askari mdogo mwenye masikio makali, akajipenyeza kwao, akasikiliza, akarudi mbio. "Wanapita bondeni!" Wanyama wakawasha moto bondeni, wakapona. Hilo alilifanya, simnyimi.

Vita vikaisha. Mfalme akamvika kilemba, akamwita Sikio la Mfalme. Sasa adui hayupo, sikio lisikilize nini? Likageukia majirani.

Akajibanza nyuma ya nyumba ya Kobe. "Mfalme, Kobe anakucheka." Kobe akafukuzwa nchini.

Akajibanza nyuma ya nyumba ya Kanga. "Mfalme, Kanga anakulaani." Kanga akafukuzwa, mayai yake yakabaki yanapoa.

Watu wakawa wananong'ona hata wakiombana chumvi.

Nungunungu alikuwa na watoto watatu, hata kukimbia hawajui. Akawaza, "Nikifukuzwa mimi, hawa watafika wapi?" Asubuhi moja akasikia majani yanachakarika nyuma ya nyumba. Pole pole akachomeka mwiba wake kwenye ufa wa ukuta, kisha akapaza sauti: "Wanangu, sumu ya mfalme imeiva! Imo chunguni!"

Nguchiro akabandika sikio ufani. Mwiba ukazama, ukakatika. Akauma meno, hakulia. Akashusha kilemba, akaenda kusema.

Mfalme akaja anafoka, watu wote nyuma yake. Nungunungu akafunua chungu. Maharage. Akala, akawalisha wanawe.

"Nilimsikia kwa masikio yangu!" akasema Nguchiro.

"Nilisema, baba," Nungunungu akamwambia Mfalme. "Niliuambia ukuta, nione nani atanijibu. Na wewe Nguchiro, bwana mkubwa, kwa Kobe ulipiga hodi?"

Nguchiro akashika kilemba chake.

"Kwa Kanga ulipiga hodi?"

Akakishusha zaidi.

"Na kwangu?"

"Nilipiga! Ukanikaribisha, ukaniketisha!"

"Basi vua kilemba."

"Nina mafua."

"Mafua ya sikio? Vua!"

Mfalme mwenyewe akakivuta. Mwiba huo, umesimama sikioni.

"Mgeni niliyemketisha," akasema Nungunungu, "huchomwa na ukuta?"

Mzee Ngiri akasema, "Lakini alituokoa na siafu."

"Alituokoa, nani amekataa?" akajibu Nungunungu. "Basi arudi huko kwa siafu."

Mfalme akainamisha pembe kwa aibu, maana umbea ule yeye ndiye aliyekuwa akiula. Nguchiro akapelekwa mpakani, na mpaka leo anasikiliza siafu. Kanga akarudi siku ile ile. Kobe akarudi siku ya tisa, miguu yake mnaijua. Watu wakacheka kwa sauti mpaka mbavu zikauma. Lo, walikuwa wamekisahau kicheko!

Funzo ni hili: sikio la vitani likikosa adui, litamtengeneza. Na mfalme anayelilisha ana kosa kama lake.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Mwenye yake na aingie, ila apige hodi.