Kamba Yenye Mafundo Matatu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, likizo ya Juni, familia moja ya Mbeya ilifunga safari kwenda Pangani kuiona bahari. Walikuwa wanne. Kulikuwa na Gwakisa, baba mwenye nyumba, ambaye mimi simpendi sana, mtaona kwa nini. Kulikuwa na Nsubile, mkewe, mwanamke wa mipango. Kulikuwa na Lusekelo, binti yao wa miaka kumi na tisa, mwepesi wa ulimi. Na kulikuwa na Bibi Atuganile, mama yake Gwakisa, anayeishi Tukuyu kwenye baridi na migomba, ambaye hakuwahi kuiona bahari hata siku moja.

Bibi aliwaaga wanakwaya wenzake. Wakamwambia, "Uturudie na picha, miguu yako ikiwa majini. Bila picha hatukuamini!" Akacheka, akasema picha wataiona.

Sasa, Nsubile alitaka sare. Sare tatu, moja kwa kila siku ya matembezi: ya bluu, ya njano na nyeupe. Fundi akawapima wote watatu. Bibi yuko mbali, atapimwaje? Akajipima mwenyewe. Akachukua kamba ya katani, akajizungushia kifuani, akafunga fundo. Akajizungushia kiunoni, akafunga fundo. Akaishusha kutoka begani hadi miguuni, akafunga fundo la tatu. Kamba akampa kondakta wa basi, ikafika Mbeya salama.

Nsubile akaipokea, akaiweka juu ya kabati ili aipeleke kwa fundi kesho. Kesho ikawa na shughuli zake, na keshokutwa vilevile. Siku ya safari begi la sare likagoma kufunga zipu. Nsubile akapapasa juu ya kabati, mkono ukakuta kamba, akalifunga begi, wakaondoka. Bibi akaungana nao stendi. Akalitazama lile begi kidogo, kisha akauliza habari za nyumbani.

Siku ya kwanza, sare ya bluu. Wakaenda kutazama majumba ya kale. Bibi alivaa kanga zake na sweta la kahawia. Nsubile akasema, "Mama, tushikie mikoba, tunapanda juu." Bibi akasema, "Nendeni tu wanangu, nimeshika."

Siku ya pili, sare ya njano. Wakaenda kwa boti kwenye fungu la mchanga. Lusekelo akasema, "Bibi, tushikie viatu visilowe." Bibi akasema, "Nendeni tu wanangu, nimeshika."

Siku ya tatu, sare nyeupe. Wakashuka ufukweni, na hapo wakamkuta mpiga picha, kijana mchangamfu. Akawapanga majini, mawimbi yakiwafika vifundoni. Kisha akageuka.

"Na yule bibi mwenye sweta, si wenu? Mwiteni aingie!"

Bibi alikuwa hatua tano tu nyuma, na mikoba yote mitatu begani. Alikuwa ameshavua ndala.

Lusekelo akasema, "Aa, yule anatushikia vitu tu."

Mpiga picha akamtazama Gwakisa, maana ndiye mkubwa. Gwakisa akanyoosha kola ya shati lake jeupe. Picha ikapigwa, watu watatu. Bibi akazivaa ndala zake.

Mchana huo, kwenye nyumba ya wageni, Bibi aliifungua kamba kwenye begi polepole, akaiweka mezani mbele yao.

"Hii ni yangu," akasema. "Niliiona tangu stendi. Nikasema, labda gauni limo humo ndani. Siku ya kwanza nikangoja. Siku ya pili nikangoja. Leo nimeambiwa mimi ni nani." Akaenda mlangoni kwake. "Sina kinyongo cha milele. Lakini aliyenikosea zaidi aje kwanza, peke yake, anipigie goti. Nikimsamehe huyo, wengine wamesamehewa. Akitangulia asiye mwenyewe, nitajua bado mnanifanyia maigizo."

Akaingia, akaegesha mlango.

Nsubile akasema, "Nenda wewe, Luse. Mimi nilisahau kamba, na kila mtu husahau. Wewe ulimtukana bibi yako."

Lusekelo analia. "Nimesema vibaya, mama, natamani ardhi inimeze. Lakini nilisema nilichokiona siku tatu. Angekuwa na sare, ningesema nini? Na baba angejibu, mimi ningefungua mdomo?"

Gwakisa akasema, "Mimi sikusahau kitu. Wala sikusema kitu."

"Ndiyo," Nsubile akamwambia, "na ni mama yako."

Wakasukumana hivyo saa nzima, watu wazima, ndani ya sare nyeupe. Bibi akatoka na kifurushi chake. Kuona hivyo wote watatu wakapiga magoti kwa mkupuo, wakagongana vichwa.

Bibi akawatazama. "Nilisema mmoja," akasema. Akaichukua kamba yake. Alfajiri akapanda basi la kurudi, hakukubali kusindikizwa.

Yuko Tukuyu, hajambo. Ukimpigia simu atakuuliza kama mvua imenyesha, atakuuliza kama mmekula, kisha atauliza, "Mmeshaelewana?" Usipojibu anakuaga vizuri. Wanakwaya hawajaona picha. Kamba ameitundika kwenye msumari mlangoni, kila aingiaye anaiona.

Niliwaambia mtaona kwa nini Gwakisa simpendi. Kola ile niliinyoosha kwa mkono huu. Yule ni mama yangu mzazi, na aibu yake nalala nayo na kuamka nayo. Kesho tunakwenda Tukuyu, sote watatu, na gauni jeupe limeshonwa, lakini mlangoni ataingia mmoja kwanza, na nyumbani kwangu bado tunabishana. Mimi nilinyamaza siku ile. Ninyi msininyamazie leo.

Aliyesahau kamba, aliyetamka neno, na mtoto aliyenyoosha kola: je, nani alistahili kutangulia kupiga goti?