Kwa Nini Hondohondo Hulia Kama Mtoto

Asubuhi moja wanawake wa kitalu cha miche walikuwa wakijaza udongo kwenye vifuko vya viriba, hondohondo wawili wakapita juu yao wakielekea kwenye msitu wa kupandwa. Zaituni aliinua uso akawatazama.

"Ndege hawa hawana haya," alisema. "Wanakula kwetu, kulala wanakwenda msitu wa zamani ng'ambo ya mto. Kama mwanamume mwenye wake wawili!"

"Wake wawili wapi, mwanangu?" alijibu Bibi Mwahija, mkubwa wao wote. "Yule ana mke mmoja, na anamtunza kuliko unavyotunzwa wewe. Sogeza huo udongo, nikueleze."

Wenzake walicheka, naye Bibi akasimulia hivi.

Siku ambazo milima hii ilikuwa haijaonja jembe, hapakuwa na msitu wa zamani wala msitu mpya. Msitu ulikuwa mmoja, umefunika kila kilima. Hondohondo waliishi popote walipopenda, na sauti yao ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeguna baada ya kushiba.

Baadaye watu walikuja, wakachoma moto upande wa huku wa mto, wakalima. Walivuna vizuri mwanzoni. Kisha udongo ukachoka, mvua zikauteremsha mtoni, na chemchemi zikakauka. Watu wakaona wamekosea. Wakapanda miti upya, na polepole ukaota msitu mdogo.

Msitu huo mdogo ulikuwa mpweke sana. Uliota katika kimya, bila kujua kwamba miti huwa na wageni. Siku ndege wa kwanza, chozi mdogo, alipokuja kunyonya maua, miti yote ilitetemeka majani kwa furaha. Kisha wakaja shorewanda, wakaja na ndege wengine wadogo, wale wanaofuma viota vyao kwa nyasi na kuvitundika kwenye tawi lolote. Wao ndio walioueleza msitu mdogo habari za hondohondo, ndege mkubwa ambaye mabawa yake husikika kabla hajaonekana. Tangu hapo msitu mdogo ukawa unamngojea.

Naye akaja, yeye na mkewe. Walitua kwenye mkuyu mchanga uliokuwa umezaa kwa mara ya kwanza, wakala, wakasifu utamu wake. Lakini mke alikuwa karibu kutaga, na hondohondo hajui kufuma kiota. Hutaga ndani ya shimo la mti. Mke akaruka mti hata mti, akizunguka kila shina. Yote yalikuwa laini, mazima, hayana hata ufa. Na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Mama, usiondoke," mkuyu ulimwomba. "Ukienda kutaga kule, utatusahau."

"Nitataga wapi, mwanangu? Mvua hiyo inakuja."

Mkuyu ukamwita kigogota, ndege atoboaye miti kwa mdomo. "Nitoboe," ukamwambia.

"Wewe? Bado laini hivi?"

"Toboa tu."

Kigogota akaanza kugonga. Utomvu mweupe ukatiririka kama maziwa, majani yakanywea. Mkuyu ulijikaza, mwisho ukashindwa, ukalia. Ulilia kama mtoto mchanga, hata kina mama kijijini wakatoka nje mbio, kila mmoja akidhani ni wake.

"Acha, kaka! Acha!" mke wa hondohondo alipiga kelele. "Siwezi kulaza mayai yangu ndani ya kidonda cha mtoto."

Akashuka mtoni, akachota tope kwa mdomo wake, akalipaka pale penye jeraha. Alikwenda na kurudi mpaka utomvu ukakoma.

"Hiyo miti ya kule, mashimo yake iliyapata wapi?" mkuyu uliuliza kwa kwikwi.

"Upepo uliivunja matawi, zamani sana. Ikakaa na vidonda vyake mpaka vikawa vyumba. Hilo si jambo la kuharakisha. Wewe kua tu."

Wakavuka mto. Kule mke akapata mvule mzee wenye shimo kubwa, akaingia. Kabla ya kutulia alimwambia mumewe, "Nitaziba mlango huu kwa tope, kama nilivyomziba yule mtoto, niache ufa wa kupitisha chakula. Mzazi hatembei. Wewe utanilisha, na chakula utakitoa kwake."

"Lakini hapa matunda yamejaa."

"Nayaona. Nenda kwake hata hivyo, asije akadhani tumemkimbia."

Mume akaenda, siku baada ya siku. Alichokula ng'ambo kabla ya kuja, mbegu zake alizimwaga kwenye msitu mdogo. Jioni alibeba makuyu kumpelekea mkewe. Tatizo lilikuwa wakati wa kuagana. Kila alipokunjua mabawa, mkuyu ulianza kulia, naye hakuweza kuruka. Huku mtoto analia, kule mke ana njaa.

Jioni moja alisogeza kichwa chake kwenye shina, akasema, "Hicho kilio nipe mimi. Nitakulilia njiani. Wewe lala."

Mkuyu ukampa, ukanyamaza.

Na tangu siku hiyo, mke wa hondohondo akitaka kutaga hujifungia ndani ya mti mzee, na mumewe humlisha kupitia ufa. Tangu siku hiyo, katika msitu wa kupandwa huota miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Na jioni, hondohondo anapovuka mto, utasikia sauti ya mtoto mchanga angani, hata mgeni husimama njiani akitafuta ni nani aliyetupa mwanawe porini. Hakuna aliyetupwa. Ni baba wa watu anaulilia mti, ili mti ulale, ukue.