Kiti cha Saba cha Ziwa Lomei

Sogeeni karibu, na mwenye jibu tayari alimeze kwanza, maana jambo hili limewashinda watu walio karibu nalo kuliko nyinyi.

Sisi Walomei tunaishi pale Mto Saruk unapoingia Ziwa Lomei. Ukituuliza tuko wangapi hatutakujibu, kwa sababu kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi kwa kinywa. Si mtoto, si kiboko, si samaki. Anayehesabu anaita mkosi, na adhabu yake inajulikana: haligusi ziwa mpaka mvua zirudi mara tatu. Havui, haogi, hanywi maji yake.

Miongoni mwetu wako hawa ambao nawataja kifua mbele. Mama Nachuro ni mlinzi wa mdomo wa mto, na hujua mafuriko yanakuja wakati mbingu bado ni nyeupe. Ekwaru ni mvuvi mwenye subira ya kukaa mahali pamoja kutwa nzima mpaka ndege wakamzoea. Sireti alipelekwa mjini kwa shangazi yake akiwa na miaka saba, akasoma sheria, na ulimi wake hauogopi meza ndefu.

Basi, jimbo letu lina Bodi ya Samaki na Wanyamapori, yenye viti saba. Sita vina watu. Cha saba sheria iliwawekea watu wa ziwa, kwa sharti wathibitishe kwamba wana utaratibu wao wa kuhifadhi. Miaka kumi na minne kiti hicho kilikaa kitupu, na sisi tuko hapa hapa, hatujahama.

Na utupu ule ulituumiza. Bodi hufunga uvuvi mwezi wa Aprili kwa kufuata kalenda, lakini kambare wetu hupanda mtoni kuzaa Novemba, mafuriko ya kwanza yanaposhuka kutoka milimani. Zamani mlinzi alifunga mdomo wa mto kwa kamba ya matete, na hakuna aliyeivuka. Miaka ya karibuni wenye makokoro walikuja kutoka mbali na leseni mkononi, wakakokota samaki wenye mayai mbele ya macho yetu. Kambare walipopungua, tukalaumiwa sisi.

Tukaenda kulalamika. Mwenyekiti akamuuliza Mama Nachuro, "Mama, Novemba hupanda kambare wangapi?"

"Wa kutosha, baba," akajibu, kwa adabu zote za kwetu.

Karani akaandika: hawajui. Neno hilo lilituuma sana, maana mle chumbani hakuna aliyejua kumshinda yeye.

Mama Nachuro ndiye aliyeanza kutoa uthibitisho. Elimu ya mdomo wa mto hutoka kwa mama kwenda kwa binti, wala haisemwi mbele ya mgeni. Yeye aliisema. Aliwaita wajumbe wa Bodi Novemba, vumbi tupu, mto haufiki magotini, akawaonyesha viboko. "Jana walihama mdomoni, wakaingia kwenye matete. Keshokutwa maji yatafika." Mjumbe mmoja akatazama juu, akacheka. Siku ya tatu asubuhi viatu vyake vilichukuliwa na maji, na kambare wakampita miguuni wakipanda. Lakini dada zake Nachuro hawakumsemesha msimu mzima, kwa kuwa siri ya bibi zao sasa ilikuwa kwenye daftari la serikali.

Bodi ikasema: tumeona, ila kuona peke yake hakutoshi, leteni hesabu. Tukatazamana. Mwaka uliofuata Ekwaru alikaa kwenye kivuko cha mto na vibuyu na kokoto, akitia kokoto moja kwa kila kambare aliyepita, siku kumi na tisa za Novemba, na baadaye siku kumi na tisa za Aprili. Kisha akasimama mbele ya Bodi, sisi tukiwa nyuma yake, akafungua kinywa. "Novemba, elfu tatu mia sita na arobaini. Aprili, mia mbili na kumi na moja." Wazee walifunika nyuso, mkewe akalia. Tangu siku hiyo Ekwaru hajaligusa ziwa. Anachota maji kwenye kisima cha shule, mwendo wa saa mbili, na anakula maharage. "Maharage nayo ni chakula," husema, na sote tunajifanya tumeamini.

Bado Bodi haikuridhika: utaratibu wenu haujaandikwa popote. Hapo ndipo Sireti alipoingia. Aliandika ombi mara sita, likarudishwa mara sita, mara muhuri umekaa vibaya, mara karatasi si ya ukubwa unaotakiwa. Katikati ya hayo akaahidiwa kazi katika ofisi ya sheria ya Bodi yenyewe, mradi aachane na shauri letu. Alikataa kabla chai waliyomwekea haijapoa. Mara ya saba akasimama mwenyewe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kifungu cha tisa hakisemi utaratibu ulioandikwa. Kinasema uliothibitishwa, na wa kwetu mmeuona kwa macho na mmepewa hesabu yake. Kilichoandikwa ni kalenda yenu, na kambare hawajaisoma."

Ukumbi ulicheka, Mwenyekiti naye. Alasiri ile kiti cha saba kikawa chetu. Tuliimba njia nzima, na mimi nililia bila kuona haya.

Furaha ilidumu mpaka barua ya Bodi ilipofika. Jina moja la atakayekalia kiti, lifike kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Lisipofika, kiti kitakaa kitupu miaka mitano mingine, na makokoro yatarudi Novemba.

Tukakutana kivukoni Ijumaa hiyo hiyo asubuhi, afisa wa Bodi akisubiri na fomu. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na hakuna kati ya wale niliowataja aliyejifanya hakitaki kiti.

"Ninakitaka," akasema Mama Nachuro. "Waliandika kwamba sijui. Nataka karani yule yule aandike ninayoyasema."

"Bodi hukutana Novemba, mama," mtu akamwambia. "Ukiwa mjini, nani atawatazama viboko?"

"Na mimi ninakitaka," akasema Ekwaru. "Nimekatazwa ziwa, sikukatazwa kiti. Bila kinywa changu tungekuwa bado tunasema wa kutosha."

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Mwanangu, tunakuheshimu. Lakini mtu aliyetengwa na maji atayasemeaje maji?"

Sireti alikuwa wa mwisho. "Mtasema mimi ni wa mjini, sijawahi kufunga kamba ya matete hata mara moja. Kweli. Ila kwenye ile meza wanauma kwa karatasi, na mimi ndiye ninayejua kuuma vilevile."

"Maneno uliyoyasema mbele ya Bodi ni ya Mama Nachuro," dada mmoja wa Nachuro akamkumbusha.

"Ni yake, mama. Na kabla sijayasema, waliyaandika vipi?"

Mmoja alitoa siri ya ukoo wake, mmoja akatoa ziwa, mmoja akatoa kazi ya maisha. Ondoa yeyote kati yao, na kiti kingekuwa na vumbi mpaka leo. Nawaona wote, na moyo unanijaa kwamba watu kama hawa ni wa kwetu.

Afisa akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasorobo. Kalamu ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akimpa jirani yake, mpaka ikafika kwangu, nami nikaishika nikashindwa.

Chukua wewe basi. Mstari ni mmoja, na wote wanakutazama. Utaandika jina la nani, na wale wengine utawaambia nini?